Mwite kwa Jina

Newala, saa mbili na robo, ukungu bado umekaa madirishani
kama mgonjwa asiyepewa namba ya foleni.
Nimefika kutoka Mtwara na sweta ya kuazima,
begi la waya, bisibisi, flashi yenye mikwaruzo.
Bi Somoe Nannauka, wa stoo ya dawa, hakunisalimu kwanza;
alinigeuzia skrini.
"Mwangalie huyu," akasema. "Ananiuliza mimi ni nani
tangu Jumatatu."

Kidirisha cha kijivu, katikati ya kivinjari:
Jina la mtumiaji. Nywila.
Anaandika. Anabonyeza. Kinafumba jicho,
kinafumbua: Jina la mtumiaji. Nywila.
Mara tatu, kisha mia nne na saba,
na ukurasa mweupe kuliko shuka za wodi ya wazazi.

Agizo linafungwa saa sita.
Dripu, dawa mseto ya watoto, glavu namba saba.
"Na huyu ananijua mwaka wa nne."

Nilianza na yale tunayoanza nayo sote.
Nikafuta vidakuzi, nikamwaga kache,
nikafunga nikafungua, dua ya mafundi wavivu.
Nikampa nywila mpya;
akaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.
Jina la mtumiaji. Nywila.
Nikatazama saa pembeni mwa skrini, maana
nimewahi kuona mashine iliyochelewa dakika sita
ikarudishwa mlangoni kama mtahiniwa.
Saa ilikuwa sawa. Sawa kuliko yangu.
Nikajaribu kivinjari kingine. Kikauliza yaleyale
kwa herufi nzuri zaidi.

Saa nne. Betri ya akiba ikalia mara mbili, ikanyamaza.
Kijana wa maji akapita na ndoo sita kwenye baiskeli,
na mhasibu, Bwana Chitanda, akachungulia kusema
kwake yeye mtandao unafunguka vizuri tu.
Sikumshukuru.
Baadaye nikamfuata.

Kwa nini kwake? Mashine ileile, mwaka uleule,
vumbi lilelile jekundu kwenye feni.
Nikafungua mipangilio yake, nikarudi kufungua ya Somoe,
nikaisoma kama asomaye hati mbili za shamba moja.
Kwake, penye anwani ya proksi, pana jina.
Kwa Somoe pana tarakimu: kumi, nukta, nne, nukta, sifuri, nukta, tisa.
Aliyeziandika alishahamia Liwale; karatasi yake
bado imebandikwa kwa plasta chini ya skrini.

Nikamweleza, kwa kuwa alitaka kuelezwa:
Pale getini kuna seva inayotutokea kwa niaba yetu.
Haina haja na nywila yako, Bi Somoe. Inataka tiketi,
na tiketi hukatwa kwa jina la mlinzi,
haikatwi kwa namba ya nyumba yake.
Ukimwita kwa namba, tiketi haipo; ndipo anakuuliza
wewe ni nani, na kila jibu kwake si jibu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Kumbe ni hilo! Mimi nilipotoka unyagoni
jina la utotoni lilibaki kulekule. Siku moja, bondeni,
shangazi akasahau, akaniita nalo mara nne.
Nilimsikia.
Niliendelea kuteka maji."

Nikafuta tarakimu. Nikaandika jina, lote, na nukta zake.
Nikafunga nikafungua, safari hii kwa nia.
Hakikuuliza kitu.

Saa tano na dakika arobaini agizo likaondoka,
glavu zikiwa namba saba na nusu, kosa lake mwenyewe;
alilirudia kwa kidole kimoja, akinuna, akafaulu.
Nikabandua ile karatasi. Plasta iling'oka na rangi.
Nilikuwa nakunja waya aliposema:
"Na wewe, tangu asubuhi nakuita fundi, fundi."
Nikamwambia ninavyoitwa.
Akaandika kiganjani, chini ya nywila,
nami nikamsihi anawe mikono kabla ya chakula.
"Kwa maji ya nani?" akauliza.